Chenji ya Rada na Swali la Toba

Sisi Watanzania tuna kipaji cha kulipa jambo zito jina jepesi ili lipate kubebeka. Fedha ambazo kampuni kubwa ya silaha ya Uingereza, BAE Systems, ilizitoa baada ya kashfa ya ununuzi wa rada tuliziita "chenji ya rada". Magazeti yaliandika hivyo, wabunge walisema hivyo, na sisi wengine tukasema hivyo vijiweni. Nimelitafakari neno hilo kwa miaka mingi. Chenji ni kile unachorudishiwa dukani ukiwa umetoa noti kubwa kuliko bei. Muuzaji anayekupa chenji hakuombi radhi, kwa sababu hajakukosea. Anahesabu, anakukabidhi, anamhudumia anayefuata.

Je, zile zilikuwa chenji kweli? Au zilikuwa faini, au fidia, au sadaka, au matunda ya toba? Unaweza kudhani hilo ni swali la wanasheria wa London, lisilomhusu mshirika wa huku kwetu Sokoni One anayeamka alfajiri kuwahi daladala. Naomba univumilie, ndugu msomaji. Wengi wetu tumeajiriwa na kampuni, au tunayo ya kwetu ndogo, au ni wajumbe wa bodi ya shule, wa SACCOS, wa kikundi cha VICOBA. Na karibu kila mmoja wetu amewahi kuambiwa na mkubwa wake maneno haya: tulinde jina la taasisi.

Kwanza nikumbushe yaliyotokea, maana vijana wetu wa kipaimara hawakuwa wamezaliwa. Mwaka 1999 ulisainiwa mkataba wa kununua rada ya kuongozea ndege kwa karibu dola milioni 40, sawa na pauni milioni 28 za wakati ule. Ndani ya serikali ya Uingereza yenyewe Clare Short, aliyekuwa waziri wa maendeleo ya kimataifa, aliupinga ununuzi huo. Benki ya Dunia nayo ilisema ni ghali mno. Kibali cha kuuza kilitolewa hata hivyo mwishoni mwa mwaka 2001, mwaka uleule ambao nchi yetu ilikuwa inakamilisha masharti ya kusamehewa madeni. Baadaye wachunguzi wa Uingereza waligundua kwamba zaidi ya dola milioni 12, karibu theluthi ya bei yote, zilikwenda kwa dalali wa mkataba kwa njia za kuzunguka, sehemu kubwa ikipitia kampuni iliyosajiliwa katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Katika vitabu vya hesabu malipo hayo yaliandikwa kuwa ni ya huduma za kiufundi.

Desemba 2010 hukumu ilitolewa katika mahakama ya Southwark, London. Kampuni ilikuwa imekiri kosa, lakini angalia kosa lenyewe: kutotunza kumbukumbu za hesabu zinazoridhisha. Neno rushwa halikuwamo katika shtaka. Jaji Bean alionyesha wazi kwamba yeye si mtoto wa kuamini kuwa dalali alilipwa kiasi kile kwa maneno matamu tu, ila hakuweza kuadhibu kosa ambalo hakuna aliyelishtaki. Alitoza faini ya pauni 500,000. Na kulikuwa na makubaliano kwamba kampuni itatoa pauni milioni 30 kwa faida ya Watanzania, kisha faini itolewe humo humo. Kwa hiyo kila pauni ambayo jaji angeiongeza kwenye adhabu angeiondoa mfukoni mwa mtoto wa Kitanzania. Zilibaki pauni milioni 29.5. Hata hizo hazikuja upesi. Mwaka 2011 wabunge wetu walisafiri hadi London kuzidai, na mwaka 2012 ndipo mambo yakakaa sawa, zikaelekezwa kwenye vitabu vya shule za msingi, miongozo ya walimu na madawati.

Dhambi iliyoandikwa vitabuni ikarudi kwetu kwa sura ya vitabu. Sijui kama kuna mtu huko aliyeliona hilo.

Sidharau madawati. Mtoto aliyekuwa akikaa sakafuni na kuandikia magotini, siku anapopata dawati hamuulizi fundi fedha zilitoka wapi, wala hapaswi kuuliza. Mungu hulisha wenye njaa hata kwa mikono iliyochafuka. Tena tukifanya hesabu tutashangaa: kampuni ilirudisha zaidi ya bei ya rada yenyewe. Torati, katika Hesabu sura ya 5, inamtaka mtu aliyemdhulumu mwenzake afanye mambo matatu kwa mpangilio: aiungame dhambi yake, arudishe kitu chote, kisha aongeze sehemu ya tano juu yake na kumpa yule aliyedhulumiwa. Kwa upande wa fedha kampuni ile ilimkaribia Musa kuliko wengi wanaokaa mabenchi ya mbele kanisani. Ilitoa la pili, na kipande cha la tatu. Lililoshindikana ni la kwanza, ambalo halihitaji hata shilingi.

Kwa nini lilishindikana? Hapa nataka niwatendee haki wakurugenzi wale, maana ni rahisi kuwahubiri watu walio mbali. Kwa sheria za zabuni za Umoja wa Ulaya, kampuni iliyotiwa hatiani kwa rushwa ilikuwa katika hatari ya kufungiwa kandarasi za serikali. Kampuni inayouza ndege za kivita na meli haina wateja wengine wa maana zaidi ya serikali. Neno moja tu, rushwa, lingeweza kuwaondolea ajira maelfu ya mafundi na makarani ambao hawajawahi kuisikia Dar es Salaam. Mkurugenzi angeweza kusema kwa uso mkavu: nimekabidhiwa mkate wa watu hawa, na hata sheria inanitaka nitende kwa faida ya kampuni. Kwetu pia Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inamtaka mkurugenzi hivyo. Je, dhamiri yake binafsi ina haki ya kuwanyima watoto wa wengine chakula?

Hoja hiyo ni nzito, na sijaona mahubiri yanayoijibu kwa mstari mmoja. Lakini naona kitu kimefichwa ndani yake. Mafundi wale hawakuulizwa walipokuwa wanapangwa malipo ya dalali, wala hawakuulizwa wakati wa kunyamaza. Mkate wao uliwekwa mbele kama ngao na watu waliokuwa na sababu zao wenyewe za kutotaka vitabu vifunguliwe. Na upande wetu kuna hasara ambayo haikuhesabiwa katika zile pauni milioni 30. Ikiwa mahakamani hakuna aliyetoa rushwa, basi na huku hakuna aliyepokea. Mtanzania alilipwa fedha, akanyimwa habari. Ukweli uliokuwa haki yake ulikaa kimya pamoja na kampuni. Mimi nikipima, hasara hiyo ni kubwa kuliko bei ya rada.

Kila tarehe 31 Oktoba sisi Walutheri tunasimulia habari za mwaka 1517 na vyeti vya msamaha. Tunapenda kumsimulia mtawa mwenye nyundo; tunaruka upande wa biashara, ambao tulipokuwa chuoni Makumira ndio ulionishika zaidi. Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz alikuwa amekopa fedha nyingi kwa kampuni ya akina Fugger ya Augsburg ili alipie cheo chake. Nusu ya mapato ya vyeti ilikwenda Roma kulijenga kanisa la Mtakatifu Petro, na nusu ililipa deni la Fugger. Maskini aliyenunua cheti hakuambiwa habari ya deni. Luther hakukasirishwa na wizi peke yake. Kilichomuumiza ni kwamba mtu alipewa karatasi ya kumkinga na adhabu huku dhambi yenyewe ikiachwa mahali pake bila kuguswa. Ndiyo maana hoja yake ya kwanza kabisa inasema maisha yote ya mwamini yawe toba.

Siku hizi kuna wataalamu wanaolipwa vizuri kwa kazi ya kulinda sifa za makampuni. Wengine ni washarika wetu, na wengi wao ni watu waaminifu. Kusema mema yaliyo ya kweli juu ya mwajiri wako hakuna ubaya. Lakini mara janga linapotokea, ushauri wao hufuata njia ileile: toa fedha upesi, toa pole, taja masikitiko, usitaje kosa. Masikitiko hayana mtenda. "Tunasikitishwa na tukio lililotokea" ni sentensi ambayo hata jirani asiyehusika angeweza kuisema. Ungamo tunalolisema Jumapili lina mtenda tangu neno la kwanza.

Sasa nirudi kwenye swali lenyewe: kampuni inaweza kutubu? Kuna msemo wa zamani wa wanasheria wa Kiingereza kwamba kampuni haina mwili wa kuchapwa wala roho ya kwenda jehanamu. Mwaka 1896 mahakama yao ya juu, katika kesi ya fundi viatu wa London aitwaye Aron Salomon, ilithibitisha kwamba kampuni ni mtu kisheria, tofauti kabisa na mwenye hisa, hata kama hisa zote ni kana kwamba ni zake. Kanuni hiyo tumeirithi, na ina faida zake: duka la baba likifilisika, nyumba ya watoto isipigwe mnada. Ila mtu huyu wa karatasi hakubatizwa. Haji kwenye meza ya Bwana. Nikisema kwamba anatubu kama Petro alivyotubu nitakuwa nacheza na maneno.

Hata hivyo Biblia haituruhusu tuishie hapo. Walawi sura ya 4 inazungumzia dhambi ya kusanyiko zima, jambo lililotendwa na wote kwa pamoja na kufichika machoni pao. Linapojulikana, analetwa ng'ombe dume. Na kabla hajachinjwa, wazee wa kusanyiko wanaweka mikono yao juu ya kichwa chake. Mikono ya watu wenye majina. Kusanyiko lina dhambi yake, lakini halina mikono yake. Ya kuweka ni ya wazee. Ninawi nayo ilitubu kama mji, na tunaambiwa mfalme aliondoka kwenye kiti chake, akavua vazi, akakaa majivuni. Mji haukutubu kwa tangazo la ofisi ya habari huku mfalme akibaki kitini.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kampuni inatubu pale watu waliokuwa na mamlaka wanapofungua vitabu, wanapotaja kilichofanyika kwa jina lake, na kuweka mikono yao juu yake. Kurekebisha yajayo peke yake hakutoshi. BAE walifanya jambo la maana mwaka 2007 walipomwomba Lord Woolf, aliyekuwa jaji mkuu, aongoze kamati ya kuchunguza maadili yao. Mei 2008 kamati ilitoa mapendekezo 23 na kampuni ikayakubali yote. Ni mapendekezo mazuri, yapo yanayofaa hata SACCOS. Lakini kazi ya kamati ile haikuwa kuchunguza mikataba iliyopita. Walipewa njia ya mbele tu. Ni kama mtu anayekuja kwa mchungaji na kusema, naahidi sitarudia tena, naomba usiniulize nini.

Nisije nikaonekana mhodari wa dhambi za Waingereza. Mjini kwetu Arusha riziki ya familia nyingi inatokana na utalii, na kampuni ya utalii inaishi kwa jina. Mgeni wa Chicago anachagua kampuni kwa maoni ya wageni waliotangulia. Sifa moja mbaya inaweza kumaliza msimu. Mshirika mmoja, mhasibu wa kampuni ambayo sitaitaja, alinijia na jambo, naye ameniruhusu nilieleze baada ya kubadilisha mambo madogo madogo asitambulike. Mpagazi wao alifariki mlimani. Usiku ulikuwa wa baridi kali, koti alilokuwa nalo lilikuwa jepesi, na mzigo uliopimwa kilo 20 getini uliongezwa baadaye njiani, mwenzake aliposhindwa. Kampuni haikuwa na roho ngumu. Ililipa jeneza, gari la kumpeleka kijijini, chakula cha msiba, na ikaahidi ada ya watoto wawili, ahadi ambayo mpaka tunaongea ilikuwa inatimizwa. Mjane alishukuru kwa machozi. Aliombwa kusaini karatasi moja, inayosema kwamba marehemu alikuwa mgonjwa kabla ya safari na hakumwambia mtu. Mhasibu aliagizwa aandike malipo yote chini ya ustawi wa wafanyakazi.

"Mchungaji," aliniuliza, "nimetenda dhambi gani? Fedha sikuiba. Mjane amesaidiwa kuliko wajane wengi ninaowajua. Na kampuni ikifungwa, wapagazi themanini wanakaa nyumbani."

Nikamwambia, "Kaka, tusome amri ya nane." Tulisoma maelezo ya Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ambayo sote tuliyakariri tukiwa na miaka kumi na minne bila kuelewa sana. Luther anaeleza kwamba tusimsingizie jirani, tusimharibie jina, bali tumtetee na kumnenea mema. Jina linalolindwa na amri hiyo ni la jirani. Sijaona mahali ambapo Mungu anatuamuru tulilinde jina letu wenyewe, na wala hakuna amri ya kulilinda jina la mwajiri dhidi ya ukweli. Tukakaa kimya kidogo. Kisha yeye mwenyewe akasema, "Basi ile karatasi imemsingizia marehemu." Ndivyo ilivyo. Jina la kampuni lilibaki safi kwa sababu jina la mpagazi lilichafuliwa, tena yeye asiyeweza kujitetea. Watoto wale watasoma kwa ada ya kampuni, na siku moja mmoja wao atakuta karatasi inayosema baba yake alikufa kwa uzembe wake mwenyewe, chini yake kuna saini ya mama.

Fedha alizopewa mjane hazikuwa mbaya, na sikumshauri mtu yeyote azirudishe. Nilichomwambia mhasibu ni kwamba hawezi kuungama badala ya mwenye kampuni, kwa kuwa mikono ile si yake. Anaweza kuuungama mstari alioandika kwa mkono wake. Aliuungama, nami kwa agizo la Bwana wetu nikamtangazia ondoleo la dhambi. Kisha akauliza swali ambalo vitabu vya theolojia hulikimbia: "Na kesho ofisini?" Nilimkumbusha kitu anachokijua kuliko mimi. Wahasibu hawafuti kosa. Wanaandika ingizo jipya linalotaja lile la zamani na kueleza kilichokosewa, na yote mawili yanabaki mahali pake kwa yeyote atakayekuja kukagua. Aliandika waraka wa ukurasa mmoja kwa mwenye kampuni, akiomba ile karatasi ya mjane ibadilishwe ili isema kweli, na nakala akaihifadhi. Anajua inaweza kumgharimu kazi. Mke wake pia anajua. Walikuja wote wawili kuombewa.

Na kanisa? Wengi tunawakumbuka DECI, ambao mpaka mwaka 2009 watu walipanda kwao "mbegu" wakitarajia kuvuna mara dufu. Viongozi wake walikuwa wachungaji, na mtaji wao mkubwa haukuwa fedha, ulikuwa jina la Yesu. Serikali ilipowafungia kuna waumini waliowatetea, wakiona kwamba kuwahoji ni kuaibisha Injili. Mwaka 2013 mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani wakurugenzi wake. Sisi wa madhehebu ya zamani tulitikisa vichwa, lakini nasi tuna msemo wetu: ya kanisani yaishie kanisani. Mara nyingi msemo huo unatumika kumlinda mtunza hazina na kumnyamazisha aliyeuliza. Luther, katika Katekisimo Kubwa, kwenye amri hii hii ya nane, anafundisha kwamba kosa la siri likemewe sirini, na kosa lililo wazi mbele ya watu likemewe mbele ya watu. Hakuweka kando makosa ya wachungaji.

Katika usharika mmoja niliowahi kutumika, ilikuwa desturi kwenye mkutano mkuu wa mwaka kusoma jumla ya mapato na matumizi, watu wakapiga makofi, kisha wakaenda kunywa chai. Hoja za mkaguzi zilibaki katika faili la mchungaji. Mwaka mmoja baraza la wazee liliamua zisomwe. Mzee mmoja alipinga kwa upole, akasema, "Mchungaji, wageni wapo, na Wapentekoste wa jirani watasikia." Zilikuwa hoja saba. Ya nne ilihusu mabati yaliyolipiwa na hayakuonekana. Katibu alipoifikia alisita, akaangalia upande wa wazee. Mwenyekiti wa ujenzi akasimama mahali alipokuwa, bila kuitwa, akasema, "Isome, mwanangu. Hiyo ni yangu."